Bunduki Kongwe na Risasi Zake



Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake mjini Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, kaskazini mwa Zambia. Wajerumani aliobaki nao walikuwa 155, na askari Waafrika zaidi ya 1,100. Silaha walizoweka chini zilihesabiwa: mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, na bunduki za kawaida 1,071. Hizo 1,071 zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Kijerumani lililopigana miaka minne na zaidi, kuanzia Tanga hadi ndani ya Msumbiji na kurudi, lilimkabidhi adui bunduki za adui.

Nimeombwa nizungumzie bunduki za kijeshi za zamani na za kisasa: kwa nini za zamani zinapendwa, na kama bado zina kazi. Nimeanzia Abercorn kwa makusudi. Mazungumzo ya aina hii yakiachwa yajiendee huishia kwenye ubishi wa mashabiki. Huyu anasema hii inalenga mbali, yule anasema ile haikwami, mwingine anaapa kwamba ya babu ilikuwa chuma kweli kweli. Abercorn inatupa swali lenye manufaa zaidi. Bunduki za Wajerumani zilikwenda wapi, na kwa nini waliachana nazo nyingine zikiwa bado nzima?

Tutazame kwanza waliingia vitani na nini. Agosti 1914, askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika koloni lao la huku, walikuwa wanabeba Mauser ya mtindo wa 1871. Ni bunduki nzito, tundu lake milimita 11. Unatia risasi moja, unafunga komeo, unafyatua, unatoa ganda, unatia nyingine. Baruti yake ni nyeusi, na hapo ndipo palipokuwa na aibu yake: kila ikilia inatoa wingu jeupe, na adui aliyelala upande wa pili wa kichaka anajua papo hapo pa kuelekeza mtutu wake. Kule Ulaya aibu hiyo ilikuwa imekwisha miaka 30 nyuma. Mkemia Mfaransa, Paul Vieille, alipata baruti isiyotoa moshi mwaka 1884; jeshi la nchi yake likatoa bunduki ya Lebel mwaka 1886; na Wajerumani wenyewe wakatulia kwenye Mauser ya 1898, inayobeba risasi tano. Zile za 1871 hazikutupwa. Zililetwa huku.

Msiicheke bado. Miaka tisa tu kabla ya hapo, katika Vita vya Maji Maji, bunduki hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ya kisasa. Wapiganaji waliolishambulia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905 walikuja na mikuki, mishale na magobori ya kushindilia kwa mdomo, na mbele yao walikuta bombomu za Maxim. Aliyekuwa na gobori siku ile hakuiona Mauser ya 1871 kuwa chuma chakavu. Na nyuma zaidi, tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, watu wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliuvamia msafara wa Kijerumani wa Emil von Zelewski, wakauangamiza, na kuteka bunduki zipatazo 300. Ushindi ule sote tulifundishwa shuleni. Jambo ambalo mwalimu wangu hakulikazia ni kwamba Mkwawa hakuwa na kiwanda wala duka la kumpatia risasi za bunduki zile. Kila aliyofyatua ilikuwa inapunguza akiba isiyojazwa tena.

Sasa Tanga. Novemba 1914 Waingereza walishusha pale kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Waliowapokea walikuwa kiasi cha 1,000. Watu wa Tanga hupenda kusimulia habari za nyuki, na nyuki kweli walikuwepo, wakauma pande zote mbili bila kuuliza nani katoka wapi. Lakini mbali na nyuki, hebu tazameni silaha. Upande ulioshuka baharini ulikuwa na Lee-Enfield fupi, bunduki ya mwaka 1907, ya risasi kumi na baruti isiyo na moshi. Baadhi ya vikosi vilikabidhiwa muda mfupi tu kabla ya safari. Upande wa mjini wengi walikuwa na ile ya 1871. Waliopigwa ni wenye bunduki mpya. Walipoteza watu zaidi ya 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, wakarudi melini.

Nimewasikia wapenzi wa bunduki kongwe wakiitumia Tanga kama hoja: mnaona, mzee kamshinda kijana! Hoja hiyo siikubali. Pale Tanga Waingereza walishindwa kwa uzembe wa Aitken, ambaye hakupeleleza vya kutosha, na Wajerumani walishinda kwa mafunzo ya askari waliolijua pori lile na waliokuwa na bombomu mahali pazuri. Na kama mnataka kujua Lettow-Vorbeck aliionaje bunduki iliyompa ushindi, tazameni alichofanya kesho yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1920, aliokota ufukweni bombomu 16, risasi zaidi ya 600,000, na bunduki za kisasa za kutosha kompania tatu na zaidi. Akazigawa mara moja. Mshindi aliiweka kando silaha aliyoshindia.

Tena aliijua sababu. Katika mapigano ya porini, ambako watu huviziana wakiwa hatua mia moja au pungufu, wingu la moshi ni kama kutaja jina lako. Na askari wa 1871 akishafyatua huwa mikono mitupu mpaka atie nyingine, wakati mwenzake wa Lee-Enfield bado ana tisa. Jeshi la Uingereza lilimtaka askari wake afyatue risasi 15 zenye shabaha kwa dakika moja, lengo likiwa yadi 300. Wengi walizidisha.

Miezi miwili baadaye, tarehe 18 na 19 Januari 1915, ikaja Jasini, mpakani kabisa mwa Kenya. Wajerumani walishinda tena. Walitumia risasi 200,000 kwa siku mbili. Lettow-Vorbeck akakaa na hesabu yake, akaona kwamba kwa akiba aliyo nayo anaweza kumudu mapigano mengine ya aina hiyo yasiyozidi matatu. Kuanzia hapo aliacha kupigana vita vya kukabiliana uso kwa uso, akaanza kutuma vikundi vidogo kwenda kulipua reli ya Uganda. Sijui kama kuna mfano mzuri kuliko huu wa risasi kumwamrisha jenerali.

Aprili 1915 meli ya Rubens ilipenya kizuizi cha Waingereza ikaingia Manza, kaskazini ya Tanga, imebeba bunduki 1,800 za mtindo wa 1898 na mamilioni ya risasi. Ilishambuliwa na manowari, ikazama kwenye maji mafupi. Shehena ikaopolewa, lakini risasi zilikwisha kunywa maji ya bahari. Watu walikaa wakizifungua moja moja, wakaianika baruti, wakazifunga tena. Nyingine ziligoma kulipuka hata baada ya kazi yote hiyo. Machi 1916 meli nyingine, Marie, iliingia Sudi, upande wa Lindi. Baada ya hapo hakuna meli iliyofika.

Kwa hiyo mwishoni mwa 1917, walipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji, walikuwa na Mauser za 1898, bunduki ambayo wataalamu hadi leo wanaihesabu miongoni mwa bora zilizopata kuundwa, na risasi za kutia ndani yake zilikuwa karibu zimekwisha. Tarehe 25 Novemba 1917 waliivamia kambi ya Wareno pale Ngomano. Walipata risasi zinazokaribia 250,000, na bunduki za kuzifyatulia. Sehemu kubwa ya jeshi iliacha Mauser za kwao ikachukua za Wareno. Waliendelea hivyo, wakila kwa adui na kujizatiti kwa adui, mpaka Abercorn mwaka mmoja kamili baadaye.

Hilo ndilo jibu la swali langu, na ndilo ninalotaka mlibebe katika maneno yote yatakayofuata. Bunduki yenyewe huchelewa sana kuzeeka. Chuma kikipakwa mafuta na ubao ukikaa pakavu, inamaliza vizazi vitatu. Kinachozeeka ni risasi yake: kiwanda kinachoitengeneza, meli inayoileta, na bega linaloibeba.

Niseme kidogo juu ya bega hilo, maana vitabu vya bunduki hulisahau. Risasi moja ya Lee-Enfield ina uzito wa takriban gramu 25. Risasi elfu moja ni kilo 25, bila kasha, na huo ndio mzigo wa mpagazi mmoja. Zile 200,000 za Jasini ni vichwa 200. Upande wa Waingereza wapagazi walikusanywa kwa mamia ya maelfu, na kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa pale ilipo Kariakoo leo. Wengi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa, sio kwa risasi walizokuwa wanazibeba. Sanamu ya Askari pale katikati ya jiji, iliyosimamishwa mwaka 1927, inamwonyesha mtu na bunduki yake, singe imeelekea bandarini. Ni sanamu nzuri. Ila asiyejua angedhani bunduki ile ilikuwa inajilisha yenyewe.

Uzito huo huo wa risasi ndio ulioleta bunduki tunazoziita za kisasa. Kilengeo cha Lee-Enfield kiliandikwa namba mpaka yadi 2,000, karibu kilomita mbili. Nani anamwona mtu kwa kilomita mbili, achilia mbali kumpiga? Vita viwili vya dunia viliwafundisha wataalamu kwamba askari wa miguu hufyatuliana zaidi ndani ya mita 400. Basi ya nini kumbebesha risasi ya kupiga kilomita mbili? Wajerumani walikuwa wa kwanza kulitekeleza wazo hilo kwa wingi, kwa bunduki yao ya 1944 iliyotumia risasi iliyofupishwa. Mikhail Kalashnikov akafuata na bunduki ya 1947. Wamarekani wakaenda mbali zaidi miaka ya 1960 kwa M16, ambayo risasi yake ya milimita 5.56 ina uzito wa takriban gramu 12, nusu ya ile ya Lee-Enfield. Mpagazi wetu wa Kariakoo angebeba risasi 2,000 badala ya 1,000. Watu huisifu AK kwa kutokwama kwenye tope na mchanga, na sifa hiyo ni ya haki, lakini nguvu yake kubwa mimi naiona kwingine: risasi yake ya 7.62 inapatikana kila mahali ambapo vita vimepita. Katika bara letu, hapo ni pengi.

Sasa tuje kwenye mapenzi, maana bunduki kongwe inapendwa, na sitaki kujifanya silioni hilo. Mimi mwenyewe nikiishika Lee-Enfield naelewa. Ubao wa mjozi, sio plastiki. Komeo lake linateleza kwa sauti moja laini, halafu linakaa. Kila kipande kilichongwa kwa mashine na kumalizwa kwa mkono wa fundi, na namba iliyo kwenye komeo ni ile ile iliyo kwenye mtutu. Kuna mihuri: taji la mfalme, mwaka, kiwanda, wakati mwingine namba ya kikosi. Unaweza kuifuatilia safari yake. Bunduki ya leo hupigwa kwa bati na kumiminwa kwa plastiki. Ni nyepesi, ni sahihi, haijali mvua, na hakuna atakayeitundika ukutani kwa kuipenda sura yake.

Huko Marekani mapenzi haya yana soko lake. Dola ya Kisovieti ilipoanguka, Mosin-Nagant, bunduki za Warusi za mtindo wa 1891, zilitoka maghalani zikiwa zimezama kwenye grisi, zikauzwa kwa makasha. Mtu alipata moja kwa chini ya dola 100, na risasi zake zilikuwa karibu za bure. Wengi waliingia kwenye ukusanyaji kupitia mlango huo. Hawakuambiwa mapema kuhusu chumvi. Fataki za risasi nyingi za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huita unyevu. Ukifyatua asubuhi ukaiacha mpaka kesho bila kuiosha, tena katika hewa ya pwani kama hii yetu, unakuta kutu. Akiba ile ya bei poa ikapungua mwaka hadi mwaka, na mwaka 2021 serikali ya Marekani ikazuia kuingizwa kwa risasi mpya za Kirusi. Bunduki zimebaki zile zile. Raha ya kuzifyatua imepanda bei.

Kuna sehemu ambako bunduki kongwe haikubaki kwa mapenzi bali kwa kazi. Doria ya Denmark iitwayo Sirius, inayozunguka na mbwa kaskazini mashariki mwa Greenland, iliendelea kubeba bunduki za Kimarekani za mtindo wa 1917. Kwenye baridi ya namna ile mafuta huganda na springi ndogo huvunjika, na bunduki ya komeo ina vitu vichache vya kuharibika. Adui wao mkuu ni dubu mweupe, ambaye harudishi risasi. Kanada nako, walinzi wa kujitolea wa maeneo ya kaskazini, wengi wao wenyeji wa huko, walibeba Lee-Enfield tangu 1947. Zilianza kubadilishwa mwaka 2018, na kilichoziondoa ni uhaba wa vipuri. Hata walipopewa mpya, walipewa nyingine ya komeo, tofauti kubwa ikiwa ni kwamba vipuri na risasi zake zinapatikana leo.

Dubu ni kitu kimoja. Mtu mwenye AK ni kitu kingine, na hapa ndipo mapenzi yanapogeuka kuwa hatari. Novemba 2008, katika kituo cha treni cha Chhatrapati Shivaji mjini Mumbai, watu wawili wenye bunduki za Kalashnikov waliua zaidi ya watu 50. Polisi waliokuwepo, wale waliokuwa na silaha, walikuwa na virungu na bunduki za .303, ukoo wa Lee-Enfield yetu ya Tanga. Polisi wa jimbo la Uttar Pradesh waliziaga rasmi bunduki hizo kwenye gwaride la Januari 2020. Walichelewa.

Wala tusiende India. Mwaka 1989 Richard Leakey alipokabidhiwa idara ya wanyamapori ya Kenya, alikuta askari wake wanalinda tembo kwa bunduki za komeo za .303, wakati majangili waliovuka mpaka wana silaha zinazomimina risasi. Dunia inakumbuka rundo la pembe lililochomwa moto Julai ya mwaka ule, kwa sababu lilipigwa picha. Askari wa mbugani wangewaambieni kwamba kilichobadilisha usiku wao ni silaha mpya, redio na magari yanayowaka. Huwezi kumweka mtu mwenye risasi kumi za kuvuta komeo mbele ya kundi lenye magazini za thelathini thelathini, halafu umsifie uimara wa ubao wa bunduki yake. Aliyeitundika ukutani ana haki ya kuipenda. Aliyepewa akalindie roho yake ana haki ya kuuliza kwa nini amepewa yeye.

Hapo ndipo ninapoachana na mashabiki. Wanapoiita bunduki kongwe ya kuaminika wanasema kweli nusu. Haikwami, ndiyo. Inapiga mbali, ndiyo, pengine mbali kuliko anavyoona mpigaji. Lakini kwa askari, kuaminika maana yake ni mnyororo mzima: risasi ya jana na ya kesho, springi ya akiba, fundi anayeijua, na mwenzako wa kulia kutumia risasi ile ile unayotumia wewe ili mkiishiwa mgawane. Jeshi la Lettow-Vorbeck katika miaka yake ya mwisho lilikuwa na bunduki za mataifa matatu, na unaweza kufikiria kazi ya bwana ghala wa kompania kila jioni.

Nimebakiza gobori, ambalo kwa umri ni babu wa zote nilizozitaja. Mauser ya 1871 imeingia makumbusho. Ile ya Wareno nayo imekwisha. Lakini hapa Tanzania, kila Jeshi la Polisi linapotangaza muda wa watu kusalimisha silaha haramu bila kushtakiwa, magobori hayakosekani, na askari wa hifadhi zetu za magharibi bado wanayakamata mikononi mwa majangili. Mengine yameundwa na mafundi wa vijijini si zamani sana. Gobori linafyatua mara moja, linachukua muda kushindiliwa, linatoa moshi, na mara nyingine linamdhuru mwenyewe kuliko mnyama. Kwa kila kipimo cha mashabiki ni la mwisho. Limedumu kwa sababu halikuwahi kutegemea kiwanda cha risasi cha Berlin wala cha Lisbon, na kwa sababu hiyo hiyo ndilo gumu kuliko zote kulikomesha: hakuna meli ya kuizuia bandarini, hakuna ghala la kulifunga. Wenzetu wa idara ya wanyamapori, naona wawili watatu mmeketi hapa mbele, mtatueleza vizuri zaidi wakati wa maswali mnapambana nalo vipi.